Nyigu Mwinda Nyuki na Mipaka Iliyochorwa kwa Rangi

Kuanzia mashamba ya mchanga ya Ulaya ya kaskazini hadi ncha ya kusini ya Afrika, yuko nyigu ambaye watoto wake hukua kwa kula nyuki wa asali, na mara chache sana kitu kingine. Jina lake la kisayansi ni Philanthus triangulum. Haishi kwa kundi, hana malkia wala vibarua. Kila jike huchimba shimo lake, huwinda peke yake, hutaga peke yake, na kwa kawaida hufa kabla watoto wake hawajatoka ardhini. Wajerumani humwita mbwa mwitu wa nyuki. Wafugaji wa nyuki wa Afrika Kusini humwita haramia wa njano.

Nyigu huyu hana sura moja. Wapo wenye tumbo la njano karibu tupu, wenye alama ndogo nyeusi juu ya pingili tu. Wapo wenye mikanda myeusi mipana, hata njano ikabaki kama mistari. Uso nao hutofautiana, na wengine wana wekundu wa kahawia nyuma ya macho. Tofauti hizo ndizo zilizowafanya wataalamu wamgawe katika nususpishi, yaani makundi ya spishi moja yanayokaa kila moja eneo lake na kutofautiana kidogo na wenzao. Kila kundi likapewa jina la maneno matatu: P. triangulum triangulum wa Ulaya, P. triangulum abdelcader wa Afrika ya kaskazini, na P. triangulum diadema wa kusini mwa Sahara.

Majina hayo yamo katika vitabu na kwenye vibandiko vya makumbusho, na msomaji anaweza kudhani hilo ni suala lililokwisha. Lakini mtu akiuliza yamesimama juu ya nini, atakuta msingi wake mkubwa ni rangi. Rangi ni shahidi dhaifu. Kwa nyigu huyu wapo mashahidi bora zaidi: mawindo yake, harufu yake, na hata bakteria anaowabeba kichwani. Wote hao wanaeleza habari ambayo haionekani kwa kutazama mistari ya njano na nyeusi.

Historia ya jina lenyewe inafaa kuangaliwa, kwa sababu kila zama zilimtazama mdudu huyu kwa jicho lake. Mwaka 1775 Johan Christian Fabricius, Mdenmark aliyekuwa mwanafunzi wa Carl Linnaeus, alimwandika katika Systema Entomologiae kwa jina la Vespa triangulum. Wakati huo Vespa lilikuwa jina la jumla la wadudu wengi wenye mabawa ya utando na mistari ya njano na nyeusi, wawe wanaishi kwa makundi au kila mmoja peke yake. Mwaka 1790 Fabricius huyohuyo aliunda jenasi ya Philanthus. Miaka michache baadaye Mfaransa Pierre André Latreille alimweleza upya nyigu yuleyule kwa jina la Philanthus apivorus, na Jean-Henri Fabre, yule mtazamaji wa wadudu wa Provence, bado alikuwa akitumia jina hilo karibu miaka 100 baadaye. Mwaka 1845 Lepeletier, katika kitabu chake kikubwa kuhusu nyuki, nyigu na jamaa zao, alimweleza nyigu wa Afrika ya kaskazini kwa jina la Philanthus abdelcader, linalolingana na jina la Amiri Abd el-Kader, ambaye wakati huo bado alikuwa akipigana na Wafaransa nchini Algeria. Kwa Lepeletier hiyo ilikuwa spishi kamili. Waliokuja baada yake ndio walioishusha ikawa nususpishi.

Familia yake nayo imezunguka na kurudi ilikotoka. Latreille alilitenga kundi la Philanthus mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1976 Richard Bohart na Arnold Menke walitoa kitabu kizito kuhusu nyigu wa aina hii wa dunia nzima, wakaliweka kundi hilo ndani ya familia pana ya Sphecidae. Kuanzia mwaka 1999, baada ya kazi ya Mbrazili Gabriel Melo, wataalamu wengi walilihamishia Crabronidae. Kisha mwaka 2018 timu iliyoongozwa na Manuela Sann ikachapisha mti wa ukoo uliojengwa kwa kulinganisha jeni nyingi kwa pamoja. Mti huo ulionyesha kwamba Crabronidae haikuwa ukoo mmoja. Ilikuwa mkusanyiko wa koo kadhaa, na nyuki wote wa dunia walikuwa wamechipuka katikati yake. Sann na wenzake wakaigawanya, na Philanthidae ikasimama tena kama familia.

Matokeo hayo yana uzito kuliko kubadilisha jina la familia. Yanathibitisha kwamba nyuki ni nyigu walioacha nyama wakashika chavua, na kwamba jamaa zao wa karibu zaidi walio hai ni nyigu wadogo mno wa familia ya Ammoplanidae, wanaowinda thripsi kwenye maua. Philanthidae wako jirani kwenye mti huohuo. Kwa hiyo nyigu mwinda nyuki na nyuki anayewindwa ni watu wa ukoo mmoja wa kale, mmoja akabaki kwenye uwindaji, mwingine akageukia maua.

Uwindaji wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu, maana humo ndimo spishi hii inapojulikana kuliko penginepo.

Jike huwinda kwenye maua. Akimwona mdudu, huelea hewani nyuma yake, umbali wa sentimita 10 hadi 15, kichwa kimemwelekea. Niko Tinbergen, Mholanzi aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na Konrad Lorenz na Karl von Frisch, alianza kuwachunguza nyigu hawa katika mchanga wa Hulshorst alipokuwa bado kijana. Majaribio yake yanayojulikana sana ni yale ya koni za msonobari: alizipanga kwa duara kuzunguka mlango wa shimo, akazisogeza jike alipokwenda kuwinda, na jike aliporudi alitua katikati ya koni badala ya mlangoni kwake. Lakini kwa swali la uainishaji, majaribio yake kuhusu mawindo yana faida zaidi. Aligundua kwamba macho humsogeza nyigu karibu tu. Akiwa ameelea pale, harufu ndiyo huamua. Kitu chenye umbo la nyuki lakini kisicho na harufu ya nyuki huachwa. Chenye harufu hurukiwa. Na hata akishakikamata, kuna jambo analolitambua kwa kugusa kabla ya kuingiza mwiba.

Mwiba huingia kwenye ngozi laini ya chini ya kifua, karibu na miguu ya mbele. Nyuki hupooza lakini hafi. Nyigu humkamua tumbo mpaka mbochi utoke mdomoni, akaunywa, jambo ambalo Fabre alilieleza kwa kirefu. Kisha humkumbatia tumbo kwa tumbo na kuruka naye hadi shimoni, mzigo uzito wake ukikaribia wa mbebaji au hata kuuzidi. Njia kuu ya shimo inaweza kufika mita moja, na vyumba huchimbwa pembeni mwake. Kila chumba huwekwa nyuki mmoja hadi watano au zaidi kidogo, na yai moja. Vyumba vya watoto wa kike hupewa nyuki wengi kwa sababu majike hukua wakubwa: jike hufikia milimita 17 hivi, dume ni mdogo kwa kiasi kinachoonekana wazi.

Kabla ya kuwafungia, jike huwapaka nyuki wale mafuta mwili mzima kwa mdomo, mafuta yanayotoka kwenye tezi ya kichwani. Gudrun Herzner na Erhard Strohm walionyesha mwaka 2007 kwamba mafuta hayo huzuia maji yasijikusanye juu ya nyuki, na pasipo maji kuvu huchelewa kuota. Yai nalo lina kinga yake. Mwaka 2019 Strohm na wenzake walieleza kwamba yai la nyigu huyu hutoa gesi ya nitriki oksidi kwa wingi muda mfupi baada ya kutagwa, na gesi hiyo huua kuvu ndani ya chumba. Chumba cha udongo chenye joto na unyevu, kilichojaa nyama, kingeoza haraka bila kinga hizi.

Hakuna hata moja kati ya haya inayoonekana kwenye mdudu aliyechomwa pini. Makumbusho huhifadhi ganda na rangi yake. Wataalamu wa karne ya 19 walifanya kazi na walichokuwa nacho, na waliifanya kwa uangalifu mkubwa. Tatizo ni kwamba kilichokuwa rahisi kuhifadhiwa ndicho kilichogeuka kuwa kipimo cha undugu.

Kuna sababu kadhaa za kutoiamini rangi peke yake. Kwanza, nyigu wa Ulaya wenyewe hutofautiana mno. Katika eneo moja anaweza kupatikana jike wa njano tupu na jike mwenye alama nyeusi pana, na hakuna mtaalamu anayewatenga. Pili, rangi ya wadudu hubadilika kwa joto la mahali walipokua. Kwa nyigu wa Ulaya aitwaye Polistes dominula imeonekana kwamba waliopitia hatua ya kugeuka mdudu kamili katika baridi hutoka na alama nyeusi kubwa zaidi usoni. Ngozi nyeusi hufyonza joto la jua, ya njano huliakisi. Basi nyigu wa jangwani kuwa wa njano zaidi na wa kaskazini kuwa mweusi zaidi kunaweza kusema habari za hali ya hewa tu, bila kusema lolote kuhusu nani ni ndugu wa nani.

Sababu ya tatu ilitolewa mwaka 1953 na Edward O. Wilson na William L. Brown, wataalamu wa siafu na sisimizi, katika makala iliyowashtua wengi. Walisema sifa za mnyama hazisafiri pamoja. Rangi inaweza kubadilika kutoka kaskazini kwenda kusini, ukubwa ukabadilika kutoka magharibi kwenda mashariki, na kemia ya mwili ikafuata njia yake. Mtu akichora mpaka wa nususpishi kwa kufuata rangi, atapata ramani moja. Akifuata ukubwa, atapata nyingine. Kuchagua sifa moja na kuitangaza kuwa ndiyo mpaka ni uamuzi wa mwenye kuchora. Hoja yao ilipingwa na baadhi ya wataalamu wa ndege, ambao walikuwa na vielelezo vingi na vya kuaminika. Kwa nyigu wa mchangani, ambaye vielelezo vyake vya Afrika ni vichache kuliko vya Ulaya, hoja hiyo bado ina nguvu.

Mfano mzuri wa hatari hii uko Afrika Mashariki, na unamhusu nyuki mwenyewe. Mwaka 1961 F. G. Smith, aliyefanya kazi ya ufugaji nyuki Tanganyika, alieleza nususpishi mbili za nyuki wa asali wa ukanda huu: Apis mellifera litorea, mdogo na wa manjano zaidi, wa pwani, na Apis mellifera monticola, mkubwa, mweusi na mpole, wa misitu ya milima mirefu kama Kilimanjaro. Kati yao kuna scutellata wa nyika, yule mkali ambaye wafugaji wengi wa Tanzania na Kenya wanamfahamu. Mwaustria Friedrich Ruttner alikuja kuwapima nyuki wa dunia nzima kwa sifa nyingi kwa pamoja, urefu wa ulimi, pembe za mishipa ya bawa, manyoya na rangi, akachapisha majumuisho yake mwaka 1988. Nyuki wa milimani waliendelea kuonekana kama kundi lao wenyewe.

Mwaka 2017 Andreas Wallberg na wenzake walisoma jenomu za nyuki wa nyanda za chini na wa misitu ya milimani nchini Kenya. Walikuta karibu jenomu yote ni ileile. Tofauti kubwa ilikuwa imejikusanya mahali pawili tu, kwenye kromosomu ya 7 na ya 9, ambako vipande virefu vya jeni vimekuwa vikirithiwa bila kuchanganyika. Nyuki mweusi wa mlimani si ukoo uliotengana zamani na nyuki wa nyika. Wanazaana, damu yao ni moja, na uteuzi wa asili unashikilia vipande viwili vinavyowafaa wa baridini. Aliyemwangalia kwa rangi na ukubwa alimwona mgeni. Jenomu ikamwonyesha kuwa mtu wa nyumbani mwenye vitu viwili vya ziada. Ikiwa nyuki, mdudu aliyechunguzwa kuliko karibu wadudu wote, anaweza kuwashangaza watu namna hii, basi mipaka ya rangi ya nyigu anayemla inahitaji kupimwa upya kabla ya kuaminiwa.

Hata hivyo itakuwa kosa kusema kwamba nyigu mwinda nyuki hana tofauti za kweli ndani yake. Zipo, ila ziko mahali ambapo jicho halifiki. Nchini Ujerumani, Strohm na wenzake walichunguza mafuta yanayofunika ngozi ya majike, wakakuta makundi mawili: wenye hidrokaboni kuu ya kaboni 25 na wenye ya kaboni 27. Majike wa makundi yote mawili hukaa eneo moja, hutumia maua yaleyale, na kwa macho hawatofautishiki. Hapohapo kuna nyigu mwingine anayeng'aa kwa rangi za madini, Hedychrum rutilans, ambaye hutaga mayai yake juu ya nyuki wa mwenzake, na mafuta ya ngozi yake yanafanana na ya mwinda nyuki kuliko ya jamaa yake wa karibu. Mwizi amevaa harufu ya mwenye nyumba. Hii ni tofauti yenye maana katika maisha ya nyigu hawa, na haina uhusiano wowote na ramani ya rangi.

Upande wa madume habari ni nzito zaidi. Dume hushika eneo dogo kwenye mchanga, akapaka majani harufu kutoka kwenye tezi ya kichwani, na kuwasubiri majike. Katika mchanganyiko huo wa harufu kuna kemikali ya jamii ya alkoholi iitwayo eikosenoli, ambayo pia imo katika harufu ya hatari ya nyuki wa asali. Mwaka 2005 Herzner na wenzake walionyesha kwamba jike huitumia kemikali hiyohiyo kumtambua nyuki anapoelea nyuma yake. Walipendekeza kwamba madume wamejipenyeza kwenye uwezo ambao jike alikuwa nao tayari: pua yake ilikuwa imenolewa kwa ajili ya nyuki, na dume akaanza kunukia hivyo. Kama ndivyo, nyuki hayumo kwenye chakula cha spishi hii tu; yumo hata kwenye uchumba wake. Na kwa viumbe wanaotambuana kwa harufu, harufu ya uchumba ndiyo mpaka wa kweli wa spishi.

Kisha wako bakteria. Mwaka 2005 Martin Kaltenpoth na wenzake walitangaza kwamba jike wa Philanthus triangulum hubeba bakteria wa jenasi ya Streptomyces ndani ya tezi za papasi zake. Kabla ya kufunga chumba, hukamua ute mweupe kutoka kwenye papasi na kuupaka darini. Buu akishakula na kuanza kusokota kifuko chake, huuchukua ute ule na kuuchanganya na hariri. Mabuu walionyimwa ute huo waliliwa na kuvu, wengi wao. Mwaka 2010 ilijulikana kwamba juu ya kifuko kuna mchanganyiko wa viuavijasumu tisa, namna ya tiba ya dawa nyingi kwa mpigo ambayo hospitali hutumia kuzuia usugu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2014 yanasema ushirika huu kati ya nyigu wa kundi hili na bakteria hao una angalau miaka milioni 68.

Mwaka 2018 Tobias Engl, Kaltenpoth na wenzao walilinganisha viuavijasumu vya bakteria kutoka spishi nyingi za kundi hili, wa mabara mbalimbali. Mtu angetarajia tofauti kubwa, kwa kuwa kuvu wa Brazili si wale wa Ujerumani wala wa Afrika Kusini. Walichokuta ni mchanganyiko uliofanana kwa namna ya kushangaza, uliodumu kwa mamilioni ya miaka. Kwa hiyo sifa moja ya nyigu hawa, rangi, hubadilika hata ndani ya uwanja mmoja wa mchanga, na nyingine, dawa, haibadiliki sana hata kati ya mabara. Kila sifa ina historia yake. Anayetaka kujua undugu hana budi kuzisoma zote.

Wapo pia watu ambao kwao jina sahihi si jambo la kitabuni. Katika oasisi ya Dakhla, magharibi mwa Misri, nyigu huyu aliongezeka mno katika miaka ya 1970 akawa janga kwa wafugaji wa nyuki, na makala ya mwaka 1980 ilieleza mlipuko huo kwa undani. Nchini Uingereza katika zama hizohizo alikuwa adimu, amebaki Kisiwa cha Wight na sehemu chache za mashariki, naye aliorodheshwa miongoni mwa wadudu walio hatarini. Tangu miaka ya 1990 ameenea upya na sasa si kitu cha ajabu kumwona. Spishi moja, miongo michache, sehemu moja anapigwa vita na nyingine analindwa. Afrika Kusini wafugaji hupambana naye pamoja na nyigu mwingine anayewinda nyuki, Palarus latifrons, wanayemwita haramia wa mistari, ambaye ni wa jenasi tofauti kabisa. Anayewachanganya hao wawili atapoteza muda na fedha, maana hawana tabia moja.

Kwa wanasayansi wa sumu nako mahali alipotoka nyigu kulikuwa na maana. Philanthotoksini, kemikali inayoziba vipokezi vya glutamati kwenye misuli na neva, ilitambuliwa muundo wake mwaka 1988, na maandishi ya fani hiyo mpaka leo humtaja mwenye sumu hiyo kuwa nyigu wa Misri. Mtafiti anayelinganisha sumu ya Misri na tabia ya nyigu wa Uholanzi amekwisha kukubali, hata bila kusema, kwamba hao ni kitu kimoja. Pengine ni sawa. Lakini ni jambo la kuthibitishwa kwanza.

Ramani ya nyigu huyu inashabihiana kwa kiasi kikubwa na makao ya asili ya Apis mellifera: Ulaya, Afrika, na Asia ya magharibi. Kusini mwa India, kwenye nyuki wa aina nyingine, kazi hiyo hufanywa na Philanthus ramakrishnae. Jenasi nzima ina zaidi ya spishi 130, na wengi wao hawachagui. Hukamata nyuki wadogo wa namna nyingi, wale wanaoishi peke yao. Mwinda nyuki wa kwetu na wa Ulaya ndiye aliyejifunga kwa mawindo mamoja. Hata hivyo nyuki peke yake hatoshi kueleza ramani. Wazungu walimpeleka nyuki wa asali Amerika ya Kaskazini katika karne ya 17, na leo yuko karibu kila mahali huko, lakini Philanthus triangulum hakumfuata. Nyuki alisafirishwa ndani ya mzinga, nyigu akabaki mchangani. Huko Philanthus wenyeji kama P. sanbornii ndio walioongeza mgeni huyo kwenye orodha yao ndefu ya mawindo. Bahari, udongo unaochimbika na jua la kutosha vina sehemu yake katika mgawanyiko huu sawa na nyuki.

Hata Sahara, inayoonekana kama ukuta wa wazi kati ya abdelcader na diadema, haikuwa ukuta siku zote. Kati ya miaka 11,000 na 5,000 hivi iliyopita sehemu kubwa yake ilikuwa na nyasi, maziwa na maua. Nyuki na nyigu wangeweza kuipita. Utengano wa miaka 5,000 ni mfupi kwa mdudu wa kiwango hiki, ingawa ukavu umekuja na kuondoka mara nyingi kabla ya hapo na huenda kila ukame uliacha alama yake kwenye jeni. Bonde la Nile nalo ni njia ambayo haijawahi kufungwa kabisa.

Kwa hali hiyo, nususpishi tatu zilizopo zinafaa kuchukuliwa kama dhana tatu zinazosubiri kupimwa. Anayestahili kutangulizwa ni diadema, kwa kuwa eneo analopewa ni kubwa kuliko mengine na lina nyuki wa namna nyingi zaidi. Afrika Mashariki, iliyo katikati ya Misri na Rasi ya Tumaini Jema, ndiko nyuki wa pwani, wa nyika na wa mlimani wanakaa umbali wa saa chache kwa gari. Nyigu mmoja akikamatwa na mzigo wake, wote wawili wakatiwa kwenye chupa moja ya alkoholi yenye jina la mahali, tarehe na aina ya udongo, hapo yanapatikana yote kwa mara moja: mguu kwa ajili ya DNA, papasi kwa ajili ya bakteria, na nyuki wa kulinganisha na mwindaji wake. Mafuta ya ngozi yachukuliwe kwanza, kabla ya alkoholi kuyayeyusha. Rangi ipigwe picha siku hiyohiyo, kwa sababu njano ya wadudu hugeuka inapokaa, na sehemu ya tofauti zinazosomwa leo kwenye vielelezo vya miaka 100 iliyopita inaweza kuwa ni kazi ya muda na dawa za kuhifadhia.